Waridi Lilifika Kwetu kwa Chupa

Wiki jana nilimwambia jamaa mmoja wa bodaboda hapa Garissa anipeleke Suq Mugdi nikanunue waya wa kuzungushia maua. Akageuka kabisa, pikipiki inatembea, akaniuliza, "Maua? Unazungushia maua waya?" Nikamwambia ni waridi, na mbuzi wa jirani wameshalionja mara mbili. Alicheka mpaka tukafika. Wakati ananirudishia chenji ndio akauliza swali ambalo limenifanya nikae chini niandike hii kitu: "Kwani siku hizi umekuwa mzungu?"

Sikumjibu. Lakini nililala nalo.

Kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Waridi kwangu lilikuwa ni Februari 14, ni Nairobi, ni yule kijana anayesimama kwenye taa za barabarani na ndoo ya maua mekundu. Ama ni bibi wa Kiingereza amevaa kofia kubwa, ana makasi. Si kitu cha mtu aliyezaliwa Garissa, mji ambao uko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima haifiki ile Nairobi inapata kwa miezi miwili mizuri, na Februari ukiacha sahani ya bati kwenye jua unaweza kuichomea mkate.

Kama hunijui: niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma ualimu, Historia na Kiswahili. Karo ikaisha, na kusema ukweli hata hamu ilikuwa imeisha. Nikarudi nyumbani kwa Ayeyo. Mtu aliyeacha kusoma Historia ana shida moja: hapewi tena mtihani, lakini maswali hayaachi kumjia.

Sasa sikia. Mwaka 1331 msafiri Mmoroko, Ibn Battuta, alishuka melini Mogadishu. Huyo mnamjua, alikuwa kwenye vitabu vyetu vya shule, ila tulifundishwa haraka haraka: alipita Mogadishu, Mombasa, Kilwa, kengele ikalia. Hatukuambiwa alipokelewaje. Kadhi wa mji alimchukua akampeleka kwa sultani. Kabla ya kuonana na sultani, alitoka mtumishi na sahani ya tambuu na popoo, akampa majani na zile kokwa. Halafu akaleta chupa ya marashi ya waridi kutoka Dameski, akawamiminia yeye na kadhi.

Soma tena hapo. Marashi ya waridi. Kutoka Dameski. Mogadishu, karibu miaka 700 iliyopita. Siku hizo hakuna Mreno aliyekuwa amezunguka Afrika, na Nairobi ilikuwa kinamasi cha viboko. Mgeni anakaribishwa na mababu zetu wa upande ule kwa maji ya waridi, na baadaye wali wa samli, maembe na achari ya ndimu. (Menyu ya karamu za Garissa haijabadilika sana, mtakubaliana na mimi.)

Kwa hivyo ndugu yangu wa boda, jibu lako la kwanza ni hilo. Lakini kuna kitu hapo kinanikera, na ndicho nilichotumia miezi kukichimba. Kilichofika ni maji ya waridi. Chupa. Mti wenyewe, mwaridi, Ibn Battuta hausemi popote katika ile mapokezi. Tulipata harufu bila ua. Ayeyo wangu amepaka marashi ya waridi maisha yake yote, na hadi mwaka huu alikuwa hajawahi kunusa waridi lenye mizizi.

Hiyo chupa ilitoka wapi? Watu wengi mtandaoni watakwambia Ibn Sina ndiye aliyevumbua maji ya waridi. Ni hadithi tamu, lakini Ibn Sina alizaliwa 980, na al-Kindi wa Baghdad alishafariki zaidi ya miaka 100 kabla yake, akiwa ameacha kitabu kizima cha kutengeneza manukato na kuyapata kwa mvuke. Uajemi kusini, katika nchi ya Fars, kulikuwa na mji unaitwa Jur uliokuwa maarufu kwa maji ya waridi. Waandishi wa jiografia wa karne ya 10 wanasema yalisafirishwa nchi nyingi. Fars ndiyo nchi ya Shiraz. Na hapa pwani yetu, nusu ya miji ya zamani ukiuliza asili yake unaambiwa Washirazi. Sisemi kila anayejiita Mshirazi babu yake alitoka Shiraz, wanahistoria wamebishana juu ya hilo hadi wamechoka. Nasema tu kwamba mtu akitaka kujipa asili ya heshima kwenye bahari hii, alijinasibisha na nchi inayonukia waridi.

Neno lenyewe linakwambia. Waridi ni Kiarabu, ward. Marashi yametoka kwenye kurashia, kunyunyiza. Na kile chombo chenye shingo ndefu wanachonyunyizia wageni kwenye maulidi na harusi kule Lamu na Mombasa kinaitwa mrashi. Kiswahili kilikuwa na chombo cha maji ya waridi, kitendo chake na jina lake, muda mrefu kabla ya kuwa na neno la jokofu.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Mpaka leo, Taif kule Saudia na Jabal Akhdar kule Oman, wachumaji wanaingia shambani alfajiri, kwa sababu jua likishapanda harufu inaruka na upepo. Petali zinatiwa kwenye chungu au sufuria kubwa na maji, moto unawashwa chini, mvuke unapanda, unakutana na baridi, unarudi kuwa matone. Matone hayo ndiyo marashi. Yale ya Taif ndiyo yanayochanganywa na zamzam kuoshea Kaaba. Oman mavuno ni kuanzia Machi hadi Mei, kwenye ngazi za mawe juu ya mlima, halafu kwisha, mpaka mwaka ujao. Na Oman na Zanzibar mnajua zilivyokuwa: Sayyid Said alihamia Unguja miaka ya 1830, akaifanya kiti chake, na halua ya Kiomani yenye maji ya waridi ndani ikawa halua ya Zanzibar.

Mimi nikaona, basi nipande hilohilo la marashi. Waridi la Dameski. Hapo ndipo uanagenzi wangu ulipoanza kunicheka.

Ngoja kwanza nieleze neno moja. Wapanda maua wanapozungumza juu ya mawaridi ya kizamani hawamaanishi maua yaliyozeeka. Kuna mwaka wa mpaka: 1867. Mwaka huo mkulima Mfaransa, Guillot, alitoa waridi aliloliita 'La France', ambalo linahesabiwa kuwa mlango wa mawaridi ya kisasa. Aina zilizokuwepo kabla ya hapo ndizo za kizamani. Ya kisasa ndiyo mnayoyajua: shina refu limenyooka, ua moja juu kama yai, rangi kali. Ya kizamani ni kichaka. Yamejaa petali, yanainama, mengi yana harufu ya kumfanya mtu ageuke njiani.

Waridi la Dameski ni la zamani kuliko hata jina lake. Wanasayansi wa Japani walilichunguza vinasaba mwaka 2000 wakakuta limezaliwa na mawaridi matatu tofauti, na mmoja wa wazazi hao asili yake ni Asia ya Kati. Mji wa Dameski ulilipa jina. Hata Syria hawakuliacha wakati wa vita: mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha desturi za waridi hilo za kijiji cha al-Mrah karibu na Dameski.

Lakini angalia ramani tena. Taif iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Jabal Akhdar mita 2,000. Naivasha, ambako mawaridi ya Kenya yanalimwa, karibu mita 1,900. Garissa nimeshasema. Mawaridi ya zamani ya Ulaya na Mashariki ya Kati yanataka msimu wa baridi ili yajue wakati wa kuchanua umefika. Usipoyapa baridi yanakupa majani, ama hayakupi chochote. Garissa baridi yetu ni Julai usiku ukijifunika shuka. Waridi haliwezi kudanganywa na shuka.

Hili halikuniingia haraka. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga zaidi: nilitoka Nairobi na shada la maua kumi mekundu, nikakata mashina, nikayachomeka kwenye ndoo ya udongo. Yalikuwa yamekaa kwenye baridi siku kadhaa, hata mimi sijui nilitegemea nini. Siku ya nne yalikuwa kuni. Jaribio la pili nilinunua miche miwili kwa muuza miche wa kando ya barabara, mizuri ina maua tayari, nikaileta Garissa mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Majani yakawa ya kahawia kuanzia kwenye kingo, kama karatasi inayoshika moto polepole. Wiki tatu. Ayeyo alikuwa anapita na birika lake la udhu anaitazama, hasemi kitu. Siku nilipoing'oa ndiyo akasema, "Umeua wageni."

Watu wakaanza kunishauri nipande waridi la jangwani. Lile mnalolijua, shina nene kama tumbo la chupa, maua ya pinki, linamea lenyewe kwenye mawe huku kwetu bila kuuliza mtu. Ni zuri, sina ugomvi nalo. Lakini si waridi. Ni ukoo mmoja na yale maua ya oliana yanayopandwa kwenye nyua za mijini, na utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani walipaka kwenye mishale. Kulipanda pale kwa sababu linaitwa waridi ni kama kuoa mtu kwa sababu ana jina la mtu uliyempenda.

Jibu lilikuwa China. Miaka ya 1790 meli za wafanyabiashara zilianza kupeleka Ulaya mawaridi ambayo Wachina walikuwa wameyalima karne nyingi kwenye nchi za joto. Hayakuwa makubwa wala ya harufu kali. Ila yalikuwa na kitu ambacho Mzungu hakuwahi kuona: yalichanua, yakapumzika wiki chache, yakachanua tena, mwaka mzima, bila kusubiri baridi. Leo tunajua ni badiliko dogo kwenye jeni moja, breki ya kuchanua ilikatika. Mojawapo la pinki linaitwa 'Old Blush'. Karibu kila waridi la kisasa unaloliona kwenye ndoo ya yule kijana wa kwenye taa lina damu ya Kichina. Kwa hivyo hata hilo la Valentine, ndugu yangu wa boda, si la mzungu peke yake.

Na hapa ndipo hadithi inarudi kwenye bahari yetu, na inakuwa chungu.

Kuna kundi la mawaridi ya kizamani linaitwa Bourbon. Wapenda maua wanalisifu sana, umbo la Dameski, tabia ya China. Bourbon ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba wakulima wa kule walipanda ua wa mashamba kwa aina mbili za mawaridi, 'Old Blush' ya China na Dameski ya aina inayochanua mara mbili. Nyuki wakafanya kazi yao. Kwenye ua huo kukaota mche ambao haukufanana na huku wala kule. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Bréon, aliyefika kisiwani 1817, akaupenda, na mbegu zikaenda Ufaransa, kwa mtunza bustani anaitwa Jacques. Vitabu vya maua vinasimulia hapo na kusimama: Bréon, Jacques, bustani nzuri za Paris.

Mimi nauliza, ua wa shamba ulipandwa na nani? Nani alikuwa anaumwagilia?

Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, waende kwenye visiwa vya Wafaransa. Kilwa ni pwani yetu hii hii, watu wake wanazungumza lugha ninayoandika sasa. Visiwa hivyo ni Réunion na Mauritius. Bréon alipofika 1817, shamba la Réunion lilikuwa la watumwa, na lilibaki hivyo mpaka Desemba 1848. Mikono iliyochimba shimo la ule mwaridi wa kwanza, wengi wao walitoka bara hili, kwa hesabu ya kawaida tu ya nani alikuwa anafanya kazi kisiwani. Hakuna aliyeandika majina yao.

Tunajua jina moja tu la bustani za kisiwa kile, na si la waridi. Edmond, mtumwa, miaka 12, mwaka 1841 aligundua jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba, jambo ambalo wakubwa wake walishindwa. Vanila ya dunia nzima mpaka leo inachavushwa kwa njia hiyo. Alipoachwa huru wakampa jina la pili, Albius, linalotokana na weupe, mambo ya ajabu. Alikufa 1880, maskini. Nikimfikiria huyo mtoto halafu nikasoma "Bréon aliona mche", naona kuna mtu amesimama nyuma ya Bréon na jembe, ametolewa kwenye picha.

Sawa. Turudi Garissa, maana najua kuna mtu anasema: haya yote ni ya visiwani na Dameski, sisi wafugaji maua tuliyaona wapi?

Swali la haki. Watu husema hapa hakuna bustani kwa sababu ya joto. Siamini hivyo tu. Mto Tana uko pale. Shuka mashambani kando ya mto utaona maembe, ndizi, matikiti, vitunguu. Maembe yetu yanaliwa Nairobi. Kama joto lingekuwa ndiyo sababu ya pekee, tusingekuwa na hata hizo. Mimi nadhani mwaridi unahitaji kitu kingine ambacho hatukupewa: uhakika kwamba mwaka kesho utakuwa bado hapo ulipo.

Hesabu uone. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za mbali, na kaskazini hii ikafungwa, ulihitaji ruhusa kuingia. Uhuru ukaja Desemba 1963, na mwezi huohuo huku kwetu ikatangazwa hali ya hatari. Vita vya Shifta, watu wakakusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikapigwa risasi. Vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Novemba 1980 Bulla Kartasi, hapa hapa mjini, ilichomwa moto na watu wakawekwa uwanja wa shule siku kadhaa bila chakula wala maji. Hiyo si historia ya kwenye kitabu, muulize mzee yeyote mtaani kwenu.

Na 1989 ndiyo Ayeyo aliyonisimulia nilipomwambia nataka kupanda waridi. Mwaka huo serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wakaguliwe upya, kama kweli ni Wakenya. Ukipita unapewa kadi, uitembeze pamoja na kitambulisho chako. Kadi ilikuwa ya pinki. Kwa Kiswahili sanifu pinki inaitwaje? Rangi ya waridi. Ayeyo bado anayo, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, pamoja na ile chupa ndogo ya marashi ambayo kaka yake marehemu alimletea kutoka Hija. Aliitoa, akaiweka mapajani, akaniambia, "Hili ndilo waridi serikali ilinipa."

Sasa mtu kama huyo, mwaka 1989, unamwambia apande kichaka ambacho kinachukua miaka miwili kusimama vizuri? Mbuzi unaweza kumswaga ukaondoka naye. Mwaridi hauswagwi.

Wakati huohuo, kilomita mia kadhaa magharibi, Naivasha mashamba ya maua yalikuwa yanapanuka, na leo Kenya ni kati ya wauzaji wakubwa wa mawaridi duniani. Nchi hiyohiyo moja. Yanatoka kwa ndege usiku. Na cha kuchekesha, mengi hayanuki. Yamezalishwa yakae kwenye chombo cha maji siku nyingi na yavumilie safari, harufu ikapotea njiani.

Haya, ya upandaji sasa, maana kuna watu walikuja kwa hilo tu.

Waridi langu nililipata Lamu. Rafiki yangu niliyesoma naye ana bibi yake kule mjini mkongwe, na kwenye kiwanda cha nyumba yao, pembeni ya kisima, kuna kichaka cha waridi la pinki, dogo dogo, linachanua mwaka mzima. Bi mkubwa alisema alilikuta pale alipoolewa. Nikasema shikamoo yangu, nikaomba tawi. Akaniambia, "Waridi haliombwi, mwanangu, huibiwa. Mimi nageuka, wewe kata." Akageuka kweli.

Nilikata vitawi sita. Kila kimoja unene wa penseli, urefu wa shibiri, macho manne. Nikavifunga kwa kitambaa kibichi, nikaviweka kwenye chupa, nikapanda basi la kupitia Garsen na Hola nimevipakata kama mtoto. Nyumbani nikachomeka macho mawili chini ya udongo, mawili juu, nikabakisha majani mawili tu, nikafunika kila kimoja kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Kivulini. Halafu usiviguse. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa kizazi chetu, kukaa wiki sita bila kung'oa uone kama kuna mizizi. Viwili vilichipua. Vinne vilikufa, na ndivyo ilivyo.

Chombo ni jerikani ya lita 20 niliyokata juu na kutoboa chini. Udongo ni ule laini wa kando ya mto, na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mpaka haina harufu. Ukitia mbichi inaunguza mizizi, niulize mimi. Liko upande wa mashariki wa nyumba: linapata jua la asubuhi hadi saa tano hivi, baada ya hapo kivuli cha ukuta. Juu ya udongo nimetandaza nyasi kavu. Maji ni baada ya sala ya alfajiri, chini kwenye shina, mengi kwa mara moja na si kidogo kidogo kila saa. Yanatoka kwa mkokoteni wa punda, kwa hivyo ya kuoshea mchele siyamwagi tena. Joto likizidi wanakuja utitiri chini ya majani, wadogo kuliko chembe ya unga, majani yanakuwa na vidoa vya manjano. Sikutumia dawa. Kila asubuhi naosha majani kwa chini na maji, wanachoka kabla yangu.

Adui mkubwa ni mbuzi. Nilidhani miiba ingesaidia. Mbuzi wa Garissa amelelewa na migunga, miiba ya waridi kwake ni kachumbari.

Kuna ushauri mmoja utausoma kila mahali, na ni wa kweli: mche mchanga ukitoa tumba la kwanza likate, nguvu iende kwenye mizizi. Nikakata la kwanza. Nikakata la pili. Ayeyo aliniona na hilo la pili mkononi. "Umelikata sijalinusa? Mimi nina miaka mingapi mbele, unazo wewe?" Amepita themanini kwa hesabu yake mwenyewe. La tatu nikaliacha, mizizi itajijua.

Lilifunguka siku ya Alhamisi, pinki, la ukubwa wa kifuniko cha birika. Nilimshika mkono Ayeyo tukaenda mpaka ukutani. Aliinama, akanusa, akanyamaza. Akanusa tena. Halafu akaingia ndani, akarudi na ile chupa ya kaka yake, akaifungua, akainusa, akalinusa ua, akarudia chupa.

"Hili hafifu," akasema. "La chupa ndilo waridi."

Na ana haki, kitaalamu kabisa. Hili ni la uzao wa China na lile la chupa ni Dameski, hayawezi kunukia sawa. Nilianza kumweleza habari za mita 2,000 na baridi na jeni. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama upande wa kichochoro, ambako mbuzi watatu walikuwa wamesimama wanatuangalia.

"Waya ni pesa ngapi?" akauliza.